Kuufuata mto Tana baada ya mafuriko: Mombasa, Garsen, Hola, Garissa

Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi Kisauni, kwa kusoma daftari langu na kupitia picha za simu. Safari yenyewe ilikuwa ya Agosti 2024, na bei zote ni za wakati huo. Mto Tana ulikuwa umefurika mara mbili katika muda usiotimia mwaka: kwanza kwa mvua za El Niño, Oktoba hadi Desemba 2023, kisha kwa masika ya Aprili na Mei 2024, ambayo Kenya nzima yaliua karibu watu 300. Nilitaka kuiona kazi ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya wakati ambao wapiga picha wameshaondoka na habari imeshahamia kwingine.

Mimi ni mwanachama wa kawaida tu. Nilifunzwa huduma ya kwanza Mombasa, na humo darasani nikajuana na kijana wa Garsen ambaye tangu siku hiyo tunaitana ndugu. Yeye ndiye aliyenikaribisha. Jina lake nimeliacha, na majina ya vijiji pia, kwa kuwa watu walinieleza mambo ya ndani ya nyumba zao.

Alhamisi: Mombasa hadi Garsen

Basi la Mwembe Tayari lilikuwa liondoke saa moja asubuhi, likang'oa saa mbili na nusu. Nauli shilingi 1,000. Malindi tulisimama kunywa chai. Mahamri kwa mbaazi na kikombe cha chai ya maziwa vilinigharimu shilingi 110, na mama muuzaji aliponisikia naelekea Tana akaniongezea mahamri mawili kwenye karatasi. "Huko njiani hakuna kitu, mwanangu," akasema, akakataa pesa.

Ukivuka daraja la Sabaki nchi inabadilika. Gongoni na Marereni ni chumvi tu, vilima vyeupe pembeni mwa barabara na watu wenye mapajama yaliyopauka wakikwangua. Baada ya hapo ni vichaka na joto hadi Minjila, ambako njia ya Lamu huchepuka. Hiyo ndiyo njia iliyokatika kule Lango la Simba wakati wa mafuriko, abiria wakawa wanavushwa kwa boti wakiwa na mizigo yao kichwani.

Kwa atakayepita: kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi juu ya basi. Kuna vizuizi vya polisi, na kila mara mnateremka nyote. Na ubebe pesa taslimu kidogo, maana mtandao wa simu hupotea kwa masafa marefu.

Ndugu yangu alinipokea stendi ya Garsen jua likizama. Tulikula wali na samaki wa mtoni nyumbani kwa mama yake. Nasema nyumbani, lakini ilikuwa ni chumba kimoja cha kupanga. Nyumba yao ya udongo ilibomoka Novemba, wakaijenga tena, ikabomoka Mei.

Ijumaa: Garsen

Asubuhi alinipeleka ukingoni. Mto ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya maziwa, na vijana wakioga kwa woga wa mamba. Akanionyesha mstari wa tope kwenye ukuta wa duka moja. Ulinifika kifuani.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi onyo linavyosafiri. Maji ya Tana hayatoki Tana. Yanatoka mlima Kenya na milima ya Aberdare, yanaingia kwenye mabwawa matano ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Masinga, lililo la juu kabisa, likijaa na kuanza kumwaga, yaliyo chini yake nayo hujaa na kumwaga. Kutoka huko hadi Garsen maji huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo uhai wa watu wa chini. Taarifa ikitoka mabwawani na kwa watu wa hali ya hewa, inapita serikali ya kaunti, inawafikia waliojitolea wa Msalaba Mwekundu, nao wanaishusha kijiji kwa kijiji: kipaza sauti juu ya bodaboda, tangazo baada ya swala msikitini, tangazo kanisani, simu kwa mwenyekiti wa kijiji.

Shida, ndugu yangu alinieleza, si kutosikia. Wapokomo wamelima kwa mafuriko vizazi na vizazi. Mto ukipanda kiasi, unaacha tope jeusi, na tope hilo ndilo mpunga, mahindi na ndizi. Kumwambia mkulima wa Tana kwamba mto unakuja ni kumpa habari njema. Kwa hiyo onyo lisilosema maji yatafika wapi halimwondoi mtu. Aprili walibadilisha maneno. Walikuwa wakisema: yatapita pale yalipofika Novemba, yatafika mwembe wa fulani, yatafika ghala la shule. Wazee wakasimama, wakapima kwa macho, wakaanza kufunga magodoro.

Si wote. Mzee mmoja alibaki juu ya paa na mbuzi wake wanne. Ndugu yangu na wenzake walimtoa kwa boti saa nane usiku, na mbuzi pia, maana mzee alikataa kuingia peke yake. Usiku huo huo mama mzazi wa ndugu yangu alikuwa amelala darasani shuleni, juu ya dawati mbili, na mwanawe hajui kama nyumba ingali imesimama.

Hili nilikuwa nikilijua kwa kusoma, lakini pale lilinishika. Lori linalotoka Nairobi na mahema, mablanketi, vyandarua, sufuria na sabuni lina kazi yake kubwa, na bila lori watu wangeugua. Ila lori linafika siku ya tatu au ya nne, na mafuriko yanaua siku ya kwanza. Siku ya kwanza aliyepo ni jirani aliyefunzwa, anayeijua njia ya kijiji gizani, na ambaye naye anafurikiwa. Hana mshahara. Siku za kazi hupewa chakula na nauli. Shirika lilianzishwa kwa sheria ya bunge ya Desemba 1965, kabla ya hapo lilikuwa tawi la lile la Uingereza, na sheria hiyo inalifanya liwe msaidizi wa serikali wakati wa maafa huku likiwa na mamlaka yake. Ukweli wake nikauona Garsen: bila hawa vijana wa mtaani, sheria hiyo ingebaki karatasi.

Mchana tuliswali Ijumaa, tukala pilau kwa mwalimu mmoja jirani, jioni nikalala mapema. Gesti shilingi 800, chandarua kipo lakini kina matundu. Beba chako.

Jumamosi: kwa mtumbwi

Hii ndiyo siku niliyokuja kwa ajili yake. Bodaboda hadi kivukoni shilingi 200, kisha mtumbwi, ambao kwa kawaida ni shilingi 50. Siku hiyo mwenye mtumbwi hakunitoza mimi wala timu. Timu ilikuwa ya watu watano: dada wawili Wapokomo, kijana Mworma, ndugu yangu, na muuguzi wa zahanati. Mizigo ilikuwa vidonge vya kutibu maji, chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, na mbegu: mahindi ya muda mfupi na pojo.

Kuwaona yule kijana Mworma na wale dada katika mtumbwi mmoja si jambo dogo kwa anayekumbuka. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo, ambao ni wakulima, na Waorma, ambao ni wafugaji, waliuana katika delta hii kwa sababu ya ardhi, maji na siasa za kuelekea uchaguzi, na zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo wanawake na watoto. Wakati ule pia watu wa Msalaba Mwekundu waliingia pande zote mbili kubeba majeruhi na kuhudumia waliokimbia. Dada mkubwa wa timu alijiunga wakati huo, akiwa na miaka kumi na tisa. Nikamuuliza ilikuwaje kuingia kijiji cha upande wa pili. "Walinitazama nembo kwanza, halafu uso," akasema. "Mara ya tatu wakanitazama uso kwanza."

Ndiyo maana ugawaji wao una utaratibu ambao mgeni anaweza kuuona kama kupoteza muda. Kijiji cha wakulima na kijiji cha wafugaji kilicho jirani nacho hupewa siku moja, asubuhi moja, kifurushi kilekile isipokuwa mbegu. Wafugaji hawalimi mahindi sana, basi wao mbegu zao ni za majani ya malisho, na kabla ya chochote kugawiwa, hilo linaelezwa hadharani pande zote mbili ili pasiwe na mnong'ono.

Kijijini walitandika meza chini ya mwembe. Orodha ya kaya ilikuwa imebandikwa kwenye shina la mti tangu juzi yake, watu waisome na wapinge. Haikuandikwa na timu peke yao. Iliandikwa kwenye baraza, watu wakataja wenyewe nani alipoteza nyumba, nani ana mgonjwa, nani ni mjane, nani anatunza wajukuu peke yake. Wazee, waja wazito na wenye ulemavu wakaitwa kwanza. Pembeni kulikuwa na meza ya pili isiyo na mzigo wowote, dada mmoja na daftari tu: hapo ndipo pa malalamiko. Mama mmoja alifika pale kwa hasira. Jina lake halipo. Alikuwa amehamia kwa dada yake Garsen wiki ya baraza, akasahauliwa. Dada akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akaandika, akamwita mwenyekiti, mwenyekiti akathibitisha, na akapewa mbegu kutoka kwenye akiba waliyoibeba kwa ajili ya watu kama yeye. Jambo zima halikuzidi robo saa. Nimeshawahi kusimama kwenye foleni za misaada ambako mama kama huyo angerudi nyumbani mikono mitupu na uchungu wa miaka.

Muuguzi yeye alikuwa na ndoo ya maji ya mto. Akadondosha kidonge, akakoroga, akafunika, akawaambia watoto wahesabu muda kwa kucheza duara mbili za mchezo wao. Kipindupindu kilikuwa kimewatembelea. Mwezi Mei Shirika la Afya Duniani lilitaja wagonjwa 44 kaunti ya Tana River. Vyoo vilikuwa vimefurika vikachanganyika na visima. Kina mama waliuliza maswali mazito: kidonge kimoja lita ngapi, maji yakiwa na tope je, na harufu ile haitadhuru mtoto mchanga? Tope, akawajibu, lichujwe kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, maana kidonge hakifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu.

Tulipewa uji wa mahindi na ndizi za kuchoma kabla ya kuondoka. Watu waliopoteza shamba lote walitulisha.

Jumapili: Garsen hadi Hola

Nauli shilingi 600. Lami ilikuwa na mashimo, na sehemu kadhaa mafuriko yalikuwa yameikata ikajazwa kifusi. Basi likaharibika katikati ya vichaka, tukakaa saa nne. Familia ya Waorma iliyokuwa na boma karibu ikatuletea maziwa kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi, na mzee wao akasimama mpaka kila mtoto aliyekuwa ndani ya basi alipokunywa. Nilijaribu kumpa kitu, akakiweka kiganja changu kifuani kwangu, akaondoka.

Maji lita tatu kwa mtu, tafadhali. Usidanganywe na ufupi wa masafa kwenye ramani.

Jumatatu: Hola

Hola ni makao makuu ya kaunti. Chumba safi shilingi 1,200, chapati mbili na maharagwe 80.

Nilikaa asubuhi nzima na mama mmoja mfugaji aliyekuwa akiishi wakati huo kando ya mji chini ya turubai lenye nembo nyekundu. Nilidhani atanieleza mafuriko. Akaanza na ukame. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Alikuwa na ng'ombe arobaini. Walipobaki kumi na mmoja wasioweza kusimama, Msalaba Mwekundu wakaja na mpango wa kununua mifugo iliyodhoofika kabla haijafa. Mnyama ambaye sokoni hakuna angemtazama alinunuliwa, daktari wa mifugo akamkagua, akachinjwa palepale, nyama ikagawiwa kwa kaya zenye njaa zaidi. Kwa hiyo mfugaji alipata pesa, jirani akapata kitoweo, na malisho yaliyobaki yakawatosha wanyama wachache wenye nguvu. "Niliuza watano," akasema, "wale sita wakaishi." Sita wakazaa. Kisha mvua aliyoiomba ikaja yote kwa pamoja, ikachukua watatu na nyumba.

Msaada aliopata safari hii ulikuwa pesa kwa M-PESA. Kuna watu Mombasa waliowahi kuniambia kuwapa maskini pesa ni kuzitupa. Nikamwomba anieleze alizitumiaje, akanieleza kwa vidole: deni la dukani, dawa ya kikohozi ya mtoto wa tatu, mabati mawili, mbuzi jike mmoja. Blanketi la pili lisingemfaa kitu. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma yake, ana mimba. Simu yenyewe si yake. Laini imeandikishwa kwa jina lake lakini anaitia kwenye simu ya binti wa jirani, na waliojitolea walihakikisha hilo kabla pesa hazijatumwa, kwa kumpigia mbele ya mtendaji.

Alichotaka zaidi ya pesa, aliniambia nikiwa nasimama kuondoka, ni yule dada aliyekuwa akija Alhamisi kukaa naye tu. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka sita, hakuwa akisema neno tangu usiku wa maji. Dada yule alifunzwa kuwasaidia watu wenye majonzi. Alikuja wiki kwa wiki na kalamu za rangi. Mtoto sasa anazungumza. Nilimsikia mwenyewe akimgombeza mbuzi.

Jumanne: Hola hadi Madogo

Nauli shilingi 700, safari ya nusu siku, vumbi, hakuna la kusimulia mpaka Madogo.

Huku ndiko Kenya iliangalia Aprili. Tarehe 9 basi lenye abiria 51 lilisombwa pale Tula, kwenye barabara ya Garissa na Nairobi. Watu walipanda juu ya paa, na wote wakaokolewa. Tarehe 28 boti iliyokuwa ikivusha watu ilizama upande wa Mororo. Barabara ilikuwa chini ya maji na boti ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufika Garissa. Msalaba Mwekundu walitangaza kuwa watu 23 wameokolewa. Wengine hawakurudi. Muuza miwa mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa akingoja zamu yake ya kuvuka, alinionyesha mahali. Alisema aliyemshika mwanamke wa kwanza alikuwa mvuvi wa palepale, na waliofuata ni vijana wenye fulana nyekundu waliokuwa wameshakesha ukingoni siku kadhaa wakiwaomba wenye boti wapunguze abiria.

Jaketi okozi ziulizwe kabla ya kupanda, hata kama wenzako wanakucheka. Boti isiyo nazo, ngojea nyingine.

Jumatano: Garissa na kurudi

Nilivuka daraja kwa miguu alfajiri. Chai ya maziwa ya ngamia na anjera kwa maini, shilingi 250, nami nikaketi karibu na soko la mifugo kutazama ngamia wakishushwa. Mzee aliyeketi nami, mstaafu wa hospitali, alipojua nimetoka wapi aliniambia habari ya 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa chuo kikuu cha Garissa. Binti wa ndugu yake alikuwa ndani. Familia ilisafiri hadi Nairobi, uwanja wa Nyayo, ambako Msalaba Mwekundu walikuwa na mahema ya kuwapokea wazazi, kuandika majina ya wanaotafutwa na kuwasindikiza walioenda kutambua miili. Binti alipatikana hai, amejificha kabatini. "Lakini yule kijana aliyekuwa ametushika mkono kwa siku mbili," mzee akasema, "alibaki na familia iliyofuata, nao hawakubahatika. Nilimwona analia, akafuta uso, akaita jina linalofuata kwenye karatasi." Akalipa chai yangu nilipokuwa nikitafuta pesa.

Basi la Nairobi shilingi 1,300, kisha la usiku hadi Mombasa 1,500.

Kwa wanaouliza wafanyeje: kila kaunti ina ofisi ya shirika au watu wake, unaingia na kitambulisho, unalipa ada ndogo ya uanachama, unaandika unachoweza kufanya. Kuendesha boti, kushona, kuhesabu, kuongea Kiorma au Kisomali, vyote vinatakiwa. Mafunzo ya huduma ya kwanza ndiyo mwanzo mzuri. Namba ya bure ni 1199, kwa dharura na kwa anayehitaji mtu wa kuzungumza naye. Na anayepanga kupita njia hii kati ya Oktoba na Desemba aulizie Garsen hali ya mto na ya Lango la Simba kabla ya kukata tiketi.